Kisufuria Kisichotiwa Chumvi

Umri wetu huu kila mtu amekatazwa kitu. Yule sukari, huyu nyama nyekundu, mwingine kaambiwa aache hata kukasirika. Mimi nimekatazwa chumvi. Daktari alinipima presha, akatikisa kichwa, akaniambia taratibu, kama anayembembeleza mtoto, kwamba kuanzia siku hiyo chakula changu kipikwe mbali na cha wengine. Nikarudi nyumbani, nikabandika maharage yangu peke yake, nikayaunga kwa mawese niliyoletewa kutoka kwetu, nikakaa mezani kama mtu mwenye akili zake timamu. Kijiko cha kwanza tu, nikakiweka chini nikatoka nje. Mume wangu akadhani chakula kimenishinda. Akaniambia nitazoea, mbona wenzangu wote wamezoea. Sikuwa na nguvu za kumweleza kwamba ladha ile naijua tangu utotoni, na kwamba shida yangu haikuwa ulimi.

Kwetu ni Buzebazeba. Waliokulia Kigoma na Ujiji miaka ile ya wakimbizi hawahitaji nieleze sana. Watu wa ng'ambo ya ziwa walikuwa wakiingia kila kukicha, maboti yamejaa mpaka maji yanataka kuingia, mtu kashika kuku, mwingine kashika cherehani, mwingine hakushika kitu. Mji ulinuka moshi wa kuni mbichi na maturubai mapya. Baba alikuwa dereva wa malori yaliyowapeleka makambini, kwa hiyo tulimwona kwa nadra. Alirudi na vumbi kichwani, akala, akalala, akaondoka. Nyumbani tulikuwa mimi, mama, Bibi mzaa mama, na mdogo wangu Rajabu ambaye hata shule alikuwa hajaanza.

Rajabu alianza kwa kuvimba macho. Aliamka asubuhi yamefumba, Bibi akasema mdudu kamuuma, akamkanda kwa maji ya moto. Kesho yake uso wote. Halafu tumbo, halafu miguu, mpaka viatu vyake vya plastiki vikawa haviingii. Nakumbuka alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha, nami nikambonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba ili acheke, maana alikuwa mtoto wa kutekenyeka hovyo. Hakucheka. Nilipoondoa kidole, kikaacha shimo. Nikangoja lijae, halikujaa. Nikalitazama lile shimo. Nilijua nimemtoboa.

Sikumwambia mtu. Nilitembea nimekunja kidole gumba ndani ya ngumi. Mchana ule ule mama alimfunga Rajabu mgongoni kwa khanga mbili, moja haikumtosha tena, akaenda naye hospitali. Akalazwa. Mama naye akabaki huko huko, analala chini ya kitanda cha mtoto kama akina mama wengine wote wa wodi ile. Waliokwenda kumwona walirudi na habari, wakasema ni figo. Majirani wengine wakasema karogwa. Mimi nilikuwa najua aliyemharibu.

Wodi yenyewe ilikuwa imefurika, kitanda kimoja wagonjwa wawili. Rajabu alilazwa na mtoto mwenzake anayeitwa Elia, mgeni kutoka Rumonge, upande wa pili wa ziwa, naye kavimba vile vile. Mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule. Mama zao wakawa marafiki wa sakafuni, kama mama alivyopenda kusema baadaye. Mama yake Elia alikuwa amekimbia na watoto wawili tu, Elia na dada yake Shantali, na mtaani kwetu kuna mzee alimpa chumba cha uani bure. Alipokwama hospitali, Shantali akabaki peke yake kwenye kile chumba. Alikuwa umri wangu. Mchana alikuja kushinda kwetu, akikaa kimya karibu na Bibi, akijibu "ego" kwa kila alichoulizwa, yaani ndiyo kwa lugha ya kwao.

Sasa lazima niwaeleze habari ya sufuria, maana bila hilo hamtanielewa.

Mtaani kwetu kulikuwa na sufuria moja kubwa mno, mali ya kikundi cha akina mama, na aliyekuwa akilitunza ni Bi Mwamvita, mwanamke mnene wa maneno mengi ambaye hata mashehe walimwogopa kidogo. Lilikuwa limebonyea pande zote, mkono mmoja umefungwa kwa waya, na ubavuni lilipigwa doa la rangi nyekundu lisije likapotelea kwenye vyombo vya watu. Sufuria hilo lilitoka kwa Bi Mwamvita palipokuwa na msiba. Ndivyo tulivyojua sisi watoto. Tukiliona linapita kichwani mwa mtu, tulilifuata kwa nyuma, kwa sababu tulipenda ubwabwa, na hatukujali aliyekufa ni nani.

Mpaka lilipotangulia kwa babu. Babu mzaa baba alikuwa akikaa Ujiji kwa mke mdogo. Siku moja kijana alikuja kwetu kwa baiskeli, akamwamkia baba, akasema, "Mzee amezidiwa kidogo. Anasema anataka kukuona." Baba akanishika mkono tukaenda kwa miguu. Njiani akasimama kununua machungwa. Alichagua moja moja, anayaminya, anayanusa, kwa sababu babu hakuwa na meno na alitaka yaliyoiva sana. Watu tuliokutana nao walimsalimia baba kwa sauti ndogo kuliko kawaida yao. Tulipokata kona ya mwisho, uani kwa babu moto ulikuwa unawaka, na juu ya mafiga limekaa sufuria lenye doa jekundu. Baba akasimama. Mfuko wa machungwa ukaning'inia mkononi mwake, na hakuuliza mtu swali lolote.

Baadaye nilimuuliza Bibi kwa nini yule kijana alidanganya. Bibi hakuona kama ni uongo. "Mtu haambiwi msiba njiani, mke mwenzangu," aliniambia, ndivyo alivyokuwa akiniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Ataanguka. Anaambiwa mgonjwa. Akishafika, akishakaa, akishazungukwa na watu, ndipo anaambiwa." Nikaliweka hilo kichwani. Watu wazima wakisema mgonjwa, mgonjwa hayupo. Na ukitaka kujua kweli, usitazame midomo yao, tazama sufuria.

Rajabu alikuwa kalazwa muda, tumeshazoea nyumba kuwa kimya, siku moja narudi kutoka madrasa nikasikia sauti za wanawake uani kwetu. Nikapita ubavuni mwa nyumba. Wamejaa. Mikeka imetandikwa, wengine wanachambua mchele, wengine wanakatakata vitunguu, na katikati ya ua wetu, juu ya mafiga mapya matatu, limekaa lile sufuria. Doa jekundu limenielekea mimi.

Moyo ukanilipuka paa. Nikamtafuta Bibi kwa macho nikamwona kakaa kwenye mkeka, kajifunika ushungi, anapepeta.

"Shikamooni," nikasema, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na mdomo ulijisemea wenyewe.

"Marahaba, mama," wakaitikia wote. Mwanamke mmoja nisiyemjua akanivuta, akanipapasa kichwa. "Maskini mtoto wa watu," akasema. Siku ya babu, kila aliyekuwa na mkono alinipapasa kichwa.

Nikamfuata Bibi. "Rajabu hajambo?"

"Hajambo," akajibu Bibi bila kuinua uso. "Anaendelea."

"Amezidiwa?"

"Jana alizidiwa kidogo, leo hajambo. Nenda kavue nguo za chuo."

Nikaingia ndani nikajifungia chumbani. Kamba tuliyoanikia nguo zetu haikuwa na nguo hata moja ya Rajabu. Shati lake la mistari halikuwepo, wala kaptula. Wamezichukua, nikafikiri, kwa sababu nguo za babu nazo zilichukuliwa siku ile ile zikagawiwa watu. Nikakaa sakafuni nikakitazama kidole changu gumba. Nilijua nje wananisubiri nikae, nizungukwe, niambiwe, nami nikaamua sitakaa. Asiyekaa haambiwi. Nikatoka nikasimama ukutani, nikabaki nimesimama mpaka miguu ikawaka.

Kweli yenyewe ilikuwa hivi, nami nimekuja kuijua vizuri ukubwani. Wale akina mama walikuwa wameona wenzao wanavyolala na njaa kule wodini. Hospitali ilikuwa na dawa chache na wagonjwa wengi, na chakula cha mgonjwa huletwa na ndugu zake. Sasa ndugu wa mkimbizi wako wapi? Na ndugu wa mtu kama mama, ambaye mumewe yuko barabarani na mama yake ni kikongwe? Bi Mwamvita akasema sufuria la msiba lianze kuwapikia wazima kabla hawajafa. Wakajitolea wenyewe, Waislamu na Wakristo, wakaomba kwa kila mwenye kitu. Wavuvi wa Kibirizi walitoa dagaa, parokia ikatoa kuni, na mfanyabiashara mmoja wa sokoni ambaye hakutaka kutajwa alileta gunia zima la chumvi ya Uvinza. Vijana wawili Wazungu waliokuwa wakihudumia wakimbizi walikubali gari lao libebe chakula hadi hospitali. Na utaratibu wao ulikuwa jiko lihame: wapike uani kwa mwenye mgonjwa, ili waliobaki nyumbani nao wale, na nyumba isipooze. Basi ilikuwa imefika zamu ya kwetu. Nguo za Rajabu zilikuwa zimepelekwa hospitali kwa sababu alikuwa amezichafua zote alizokwenda nazo. Ni hayo tu. Lakini nani angekaa amweleze mtoto? Kwetu mtoto aliambiwa hajambo, akatumwa maji.

Nikakataa kula. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu: ule ulikuwa ubwabwa wa msiba, na nikiula, msiba umekubaliwa. Nisipokula, bado haujawa. Kila siku walikuja, wakawasha moto, wakapika, gari likapiga honi, chakula kikaondoka, na kila siku niliuliza nikaambiwa hajambo. Kila hajambo ilinizidishia hofu. Niliwasikia wakishusha sauti nikipita. Nilimwona Bibi akifuta macho kwa ncha ya ushungi, naye akasema ni moshi. Nikisikia gari nakimbilia nyuma ya nyumba, kwa sababu nilijua siku moja gari hilo litamshusha mama akiwa ameshikwa huku na huku.

Na kwa kuwa hofu nayo haitaki kukaa peke yake, nikamgawia Shantali. Kwao sufuria lile halikuwa na maana yoyote, alikula na kulamba vidole. Nikamvutia pembeni ya banda la kuku. "Unajua hilo sufuria ni la nini?" nikamuuliza. Nikamweleza lote: doa jekundu, babu, machungwa. Nikamwambia mtu haambiwi. Akanisikiliza macho yamemtoka, mchuzi umemkaukia mdomoni.

"Basi na Elia?" akauliza. "Si wamelala kitanda kimoja?"

Sikuwa nimefikiria Elia. "Sijui," nikamwambia. "Sufuria limekuja kwetu, halijaja kwenu."

Kuanzia hapo tukawa wawili tusiokula. Mmoja pengine asingeonekana, lakini wawili walionekana. Bi Mwamvita aliweka mwiko chini, akajishika kiuno.

"Nyie mabibi harusi," akatuita. "Mbona mmenuna? Au tunapika vibaya tuwaombe radhi?"

"Huyo wangu hali," Bibi akasema. "Sijui kaingiwa na nini. Kakonda kama uzi."

"Njoo hapa, Zuhura."

Nikaenda. Nikasimama mbele yake nikiogopa atanikalisha. Kweli akaniambia kaa. Nikaanza kulia nikiwa nimesimama.

"Rajabu amekufa," nikasema. "Mnanificha."

Visu vya vitunguu vikasimama. Hata Bibi aliacha kupepeta. Nilitegemea Bi Mwamvita acheke, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka, lakini hakucheka.

"Nani kakwambia?"

"Sufuria."

Akageuka akalitazama sufuria lake kama ndiyo kwanza analiona. Halafu akainama kwenye jiko dogo la mkaa lililokuwa pembeni, ambalo mimi sikuwahi kulijali. Juu yake kulikuwa na kisufuria, kidogo cha kutosha mikono miwili, kina mfuniko wa bluu uliobanduka rangi. Akafunua. Maharage yalikuwa yanachemka humo taratibu, mekundu kwa mawese. Akachota kwa kijiko, akapuliza, akaniletea mdomoni.

"Onja."

Nikaonja. Nilikuwa na njaa ya siku nyingi, na bado nilikunja uso.

"Umesikia nini?"

"Hayana chumvi."

"Kwa nini hayana chumvi?"

"Umesahau."

"Mimi nisahau chumvi?" Akawageukia wenzake. "Mnasikia matusi hayo? Gunia zima la Uvinza limekaa pale, mimi nisahau." Wanawake wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha kweli. Bi Mwamvita akanishika mashavu kwa mikono yake yenye harufu ya vitunguu. "Sikiliza. Daktari kasema yale maji yaliyomjaa mdogo wako yanapenda chumvi. Asipewe hata punje mpaka yakauke. Yeye na Elia. Ndiyo maana tunawapikia mbali. Sasa nijibu wewe mwenye akili nyingi: maiti hupikiwa chakula chake mbali? Mimi na magoti yangu haya niinamie jiko la pili, nichochee makaa, nihangaike na maharage ya watu wawili, kwa ajili ya mtu ambaye hayupo?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi usiangalie hilo likubwa. Hilo linapikia wote, wazima na wafu. Angalia hiki. Kikiwa jikoni na hakina chumvi, kuna mtoto anakula. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kaa sasa."

Nikakaa. Shantali akaja akakaa pembeni yangu. Naye akaonjeshwa, naye akakunja uso, kisha akatabasamu, mara yangu ya kwanza kumwona hivyo. Tukala siku hiyo mpaka Bibi akatukataza.

Toka hapo kisufuria kikawa chetu. Kuchambua maharage yake ilikuwa kazi yangu, na kukoroga ikawa ya Shantali, hakukubali mtu mwingine ashike mwiko ule. Kila siku kabla gari halijaja tulionja, si kwa njaa, kwa kuhakikisha. Hayana chumvi. Tukaangaliana. Na kiliporudi kitupu jioni tulikipokea sisi, tukafunua kuangalia wamebakiza kiasi gani. Siku maharage yalipobaki mengi hofu ilirudi yote, tukakosa raha hata ya kucheza. Siku kilipolambwa mpaka chini, Shantali alikivaa kichwani akazunguka nacho uani. Kidole changu gumba nacho nikaanza kukisahau, ingawa hakuna aliyenitoa wasiwasi huo mpaka leo.

Rajabu akarudi. Mama alimshusha garini, mwepesi, miguu imekuwa vijiti tena, viatu vya plastiki vinampwaya. Cha kwanza nilichofanya nilimbonyeza juu ya wayo. Kidole hakikuacha kitu, naye akacheka akanipiga teke. Nililia mpaka Bibi akaniuliza kama nimefurahi au nimesikitika. Sasa hivi ni mwanamume ana kitambi na watoto, na ananitania kwamba yeye aliacha chumvi mapema, mimi ndiyo naiacha uzeeni.

Elia alibaki. Mama akasema anaendelea. Akina mama wakaendelea kupika kwetu vile vile, wakisema watahamia kwa mwingine wakiwa tayari, na Shantali akaendelea kukoroga kisufuria, sasa cha mtu mmoja.

Kisha ikawa asubuhi moja mama akatoka mapema bila kunywa hata chai. Alisema anakwenda kumwangalia mwenzake. Bi Mwamvita akaja na wanawake wawili tu, hawakuwasha moto. Wakalibeba sufuria kubwa, wakabeba mikeka.

"Mnahamia wapi?" nikauliza.

"Kwa akina Shantali," mmoja akajibu.

Nikafurahi. Nisifiche, nilifurahi. Zamu yao imefika, nikasema moyoni, na uani kwa yule mzee kuna nafasi nzuri. Halafu nikaingia jikoni nikakiona kisufuria chenye mfuniko wa bluu kimebaki peke yake kwenye jiko la mkaa. Wamekisahau. Bi Mwamvita huyo huyo anayejidai hasahau. Nikakichukua, nikakisugua kwa majivu haraka haraka, nikatia maharage niliyokuwa nimeyachambua tangu jana, nikakimbia nacho.

Nilimkuta Shantali nje ya chumba chao, kajibanza ukutani. Hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama wima, mgongo kaubandika ukutani, anatazama mafiga matatu na sufuria lenye doa jekundu juu yake. Wanawake walikuwa wanatandika mikeka.

"Limekuja kwetu," akaniambia. "Zuhura, limekuja kwetu."

Nilijua hofu iliyomshika. Hakuna mtu duniani aliyejua kama mimi. Nikamshika mkono, nikamwambia kwa haraka, kwa furaha ya mtu mwenye dawa mkononi, "Usiogope. Mimi nawe tuliambiwaje? Usiangalie hilo. Ona." Nikamwonyesha kisufuria. "Hiki hapa. Walikisahau kwetu, nimekileta. Elia anapikiwa."

Akakitazama. Akafunua mfuniko akayaona maharage. Nikaona mabega yake yakishuka, pumzi ikimtoka ndefu. Aliniamini. Akakichukua kwa mikono miwili, akakikumbatia, akaenda nacho mpaka kwa Bi Mwamvita.

"Mama mkubwa," akasema, "mlikisahau. Nikoroge?"

Bi Mwamvita alikuwa ameinamia kuni. Akainuka. Akakiona kisufuria mikononi mwa Shantali, halafu akaniona mimi nyuma yake. Wanawake wengine wakasimama na mikeka mikononi. Nilimsubiri aseme lolote, anikaripie, anitanie kwa kubeba vyombo vya watu bila ruhusa.

"Ego, mwanangu," akamwambia Shantali. "Lete tukibandike. Mama yako yuko njiani."

Akakitia kisufuria maji, akakiweka kwenye mafiga madogo ya pembeni karibu na sufuria kubwa. Shantali akachuchumaa na mwiko wake akaanza kukoroga, mapema mno, maji hayajapata hata joto. Alikuwa akimweleza Bi Mwamvita kwamba safari hii Elia atamaliza yote, kwa sababu jana kisufuria kilirudi kikiwa hakijaguswa, na mtu akishinda na njaa siku moja, ya pili hula sana. Bi Mwamvita alikuwa anaitikia, mhm, mhm.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa moto. Nilimwona Bi Mwamvita anamwambia Shantali aangalie barabarani kama mama yake anaonekana. Shantali akageuza uso kutazama. Bi Mwamvita akapeleka mkono kwenye kibakuli kilichokuwa karibu na goti lake, akachota chumvi kwa vidole vitatu, akaitia kwenye kisufuria.